Siku Mchezo Wetu Uliporudi Rafuni: Risala ya Ghorofa ya Magodoro

Umerudi! Jamani, mchezo umerudi! Kimya ameninyooshea simu kutoka kule nyuma na nimeuona kwa macho yangu haya mawili, picha ya Shangazi na ndoo yake kichwani, pale pale ilipokuwa kabla hatujafichwa! Pigeni makofi basi, mnasubiri nini?

Mgeni rasmi, utuwie radhi. Risala hii tuliiandika jana kichwa kwa kichwa, inaanza na maneno "kwa unyenyekevu mkubwa," na mimi niliyepewa kuisoma nimeianza kwa ukelele. Naomba ninywe maji, nianze upya.

Kwa unyenyekevu mkubwa.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa ofisi inayosimamia ushindani wa haki katika biashara. Mwenye nyumba wetu, ambaye ndiye mwenye duka la magodoro hapo chini. Wazazi wetu, shangazi zetu, marafiki, na wote mliopanda zile ngazi bila kushika ukuta kama tulivyowaomba, maana rangi bado mbichi. Na wale mlioshika, tumewaona, viganja vyenu ni vya kijani. Wote karibuni sana.

Sisi ni kikundi cha vijana tunaotengeneza michezo ya kompyuta, na umekuja kutufungulia chumba chetu cha kazi. Tusikudanganye, Mheshimiwa: chumba hiki tumeshakaa humu kitambo. Ule utepe ulioukata tuliufunga asubuhi. Ila kitu kisichofunguliwa na mgeni huwa kama hakijafunguliwa, kwa hiyo leo ndiyo siku yake.

Utaona kwamba wewe umekalia kiti na wengine wamekalia magodoro. Viti havikutosha. Mwenye nyumba akasema, "Chukueni magodoro, lakini nailoni isitoke." Kwa hiyo, ndugu wageni, mkijigeuza mtasikia makelele ya nailoni chini yenu. Msione haya. Sisi tumeshazoea.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, kikundi hiki kilizaliwa chuoni, kwenye foleni ya kompyuta. Kompyuta zilikuwa chache, wanafunzi kama siafu, na foleni ikikaa sana watu hufahamiana watake wasitake. Hapo tukampata Mchoraji, aliyekuwa anachora wahadhiri pembeni mwa daftari lake, mashavu na yote. Hapo tukampata Kimya, ambaye hatukujua kama anasema mpaka siku alipomwona mwenzetu anahangaika na programu yake, akanyoosha kidole kwenye kioo na kutamka neno moja, "Hapo." Na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Mimi nilikuwa nasoma biashara. Walinichukua, wanasema wenyewe, kwa sababu kila kikundi kinahitaji mtu mmoja asiyechoka kuongea.

Tulipomaliza chuo tukatafuta chumba. Wenye nyumba walikuwa wakitusikia tukisema "michezo" wanafunga mlango. Huyu wa magodoro peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Michezo gani? Mna mipira?"

"Hapana mzee, ya kompyuta."

"Basi hamtavunja vioo. Pandeni."

Tukapanda. Na huku juu tukatengeneza mchezo wetu wa kwanza, unaoitwa *Karibu Mteja*. Naueleza kwa ajili ya wazee wetu ambao wamekuwa wakiwaambia watu kwamba tunafanya kazi benki. Ndani ya mchezo wewe unakabidhiwa kibanda cha shangazi yako sokoni. Unauza ndoo, mabeseni, majagi. Ng'ambo ya ujia kuna mtu anauza ndoo zile zile, mabeseni yale yale, na ana sauti kubwa kuliko yako. Kazi yako ni kuishi. Shangazi mwenyewe amekaa nyuma yako kwenye kigoda, na kila ukikosea anakusema.

Kibanda hicho kipo kweli, na shangazi huyo yupo kweli. Yule pale, amekalia godoro la inchi nane. Ni dada yake baba yangu mimi, ila sasa ni wa kikundi kizima, tumemgawana. Sauti inayosikika kwenye mchezo ni yake. Hatukuwa na studio, tukapanga magodoro yakawa kama pango, tukamwingiza ndani na kipaza sauti.

"Niseme nini humu?" akauliza.

"Sema kama unavyosema dukani, Shangazi."

"Dukani sisemi. Natukana."

"Basi tukana kwa adabu."

Alitukana kwa adabu mchana kutwa, Mheshimiwa, na sisi tulikuwa nje ya pango tumeziba midomo tusiharibu sauti kwa kicheko.

Kuna jambo moja alilolisema ambalo hatukumwandikia. Kule sokoni, Shangazi na yule wa ng'ambo, ambaye soko zima linamwita Mwenye Kelele, ni maadui wa kuanzia asubuhi. Huyu akishusha bei ya beseni, huyu anashusha ya jagi. Wanarushiana maneno juu ya vichwa vya wateja, na wateja wanasimama katikati wakichekelea, maana kila tusi linapunguza bei. Lakini mmoja akiishiwa, hamwambii mteja "rudi kesho." Anamwambia vuka. Hivyo ndivyo wanavyofanya, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Basi Shangazi, akiwa ndani ya magodoro, akasema vile vile anavyosema kila siku: "Ndoo zimeisha, mwanangu. Vuka hapo ng'ambo kwa yule mwenye kelele. Mwambie nimekutuma mimi."

Mchoraji alipinga. "Nani atacheza mchezo unaomfundisha kumfukuza mteja?" Tukabishana siku nzima. Mwishowe tukaliacha libaki.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, neno hilo ndilo lililotutoa.

Naomba niwaeleze wazee. Mchezo wa kompyuta siku hizi haukai ndani ya kasha. Unaupeleka kwenye duka lililo mtandaoni, mtu anaununua akiwa kwake, unashuka kwenye kompyuta yake. Na maduka hayo yako kadhaa, lakini moja kati yao ni kubwa kiasi kwamba mchezaji akisema "dukani" anamaanisha hilo tu. Sisi hapa tunaliita Duka Kubwa. Hatutataja jina lake, sio kwa woga. Kwa adabu. Sawa, na kwa woga kidogo.

Duka Kubwa lilitupokea bila kutujua, na hilo tunalishukuru mbele ya mashahidi. Halikuuliza sisi watoto wa nani. Lilitupa rafu, likatupa mahali pa wateja kuandika maoni, likapokea malipo kutoka nchi ambazo hatujui hata jogoo wa kule huwika saa ngapi. Mtu mmoja wa mbali sana aliandika maoni kwa lugha yake, tukayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, yakatoka: "Huyu mama kanituma kwa mpinzani wake. Nimelia. Nimerudi kwake siku iliyofuata nikanunua ndoo tatu nisizozihitaji." Tuliyachapa hayo maneno. Yale pale ukutani, juu ya swichi.

Kwa kazi hiyo Duka Kubwa hukata karibu theluthi ya kila mchezo unaouzwa. Ni nyingi? Humu ndani hatujawahi kukubaliana. Kimya anasema ni nyingi. Mama yake Mchoraji, ambaye ana duka la vitambaa, alituuliza, "Kodi ya fremu ya duka mnalipa? Mlinzi mnalipa? Mnalipa wa kupanga foleni? Basi nyamazeni." Tulinyamaza, lakini sio kwa moyo wote.

Halafu kuna Jirani. Jirani, nyoosha mkono wakuone. Yule mwenye shati la mistari, anayejificha nyuma ya nguzo. Jirani naye ana duka la michezo mtandaoni, dogo, analiendesha kutoka chumba cha nyuma cha kinyozi, kakaake. Ukimpigia simu unasikia mashine ya kunyoa. Duka lake likipata wageni wengi kwa pamoja linalala chali, na yeye anaomba radhi mmoja mmoja kama mtu aliyewamwagia chai. Lakini linapokea malipo kwa simu. Duka Kubwa linataka kadi ya benki, na wachezaji wetu wengi wa hapa hapa kadi ya benki wameiona kwa wajomba zao. Na Jirani anakata kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi.

Msidhani ni malaika. Tulipoanza kutengeneza sura ya pili ya mchezo, alikuja na soda mkononi. "Nipeni hiyo niiuze mimi peke yangu mwaka mzima. Duka Kubwa msilipatie."

Tukamwambia, "Ahaa! Kumbe na wewe ukipata kiti utanyoosha miguu wengine wasipite?"

Akacheka mpaka soda ikamtoka puani. "Nilikuwa najaribu tu."

Wote hujaribu, Mheshimiwa. Kuna duka jingine linagawa michezo ya bure kila wiki ili watu wahamie kwake. Wahenga walisema rahisi huwa ghali. Cha bure hawakutuambia, wakatuachia wenyewe.

CHANGAMOTO

Hapa, Mheshimiwa, karatasi imeandikwa kwa huzuni na mimi nina furaha, kwa hiyo mnivumilie, nitasoma huku natabasamu.

Sura ya pili ilipokamilika, tuliiweka kwenye maduka yote mawili. Na kwa kuwa Jirani anakata kidogo, tukaona haki mteja wake naye alipe kidogo. Sisi tunapata kile kile, mteja anabakiwa na nauli. Nani anaumia? Ndivyo tulivyofikiri. Kisha tukafanya jambo jingine, na hili, Mheshimiwa, ni kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wa ghorofa hii tu. Mchezaji wa Duka Kubwa akimaliza sura ya kwanza, Shangazi anatokea, anafuta mikono kwenye kanga yake, anasema: "Huku zimeisha, mwanangu. Vuka ng'ambo kwa Jirani, ni nafuu. Mwambie nimekutuma mimi." Na ukibofya, unavuka kweli. Unatoka Duka Kubwa, unatua kwa Jirani.

Tuliona tumefanya kitu kizuri ajabu! Tulirukaruka mpaka mzee wa magodoro akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Hakuna aliyewaza kwamba tumesimama ndani ya duka la mtu tunawaonyesha wateja wake mlango.

Tukalala. Asubuhi mchezo haukuwepo rafuni. Haukufutwa, hapana, aliyeununua aliendelea nao. Ila ukiandika jina lake kwenye kutafuta, unaletewa michezo ya mpira na ya mbio za magari. Yaani upo, ila kama mtu aliyeambiwa akae chumbani wageni wakija.

Ujumbe wa Duka Kubwa ulikuwa wa adabu sana. Ulitukumbusha mambo mawili tuliyoyakubali siku ile tulipobofya "Nakubali," kama watu wote wanavyobofya, kwa haraka ya kufika mbele. Kwanza, tusiwaelekeze wateja kwenye duka jingine tukiwa ndani ya lao. Pili, bei yetu isiwe nafuu mahali pengine popote.

La kwanza tulilitekeleza siku hiyo hiyo. Tulimwendea Shangazi sokoni kwa unyonge kumwambia tunafuta maneno yake ya kuvuka kwa Jirani. Alikuwa anafunga majagi kwa kamba. Hakuinua hata kichwa. "Futeni, mnalia nini? Mwenye duka ana mlango wake. Mwenye Kelele akija kusimama ndani ya kibanda changu kuwaita wateja wangu nitammwagia maji, na ndoo ninazo." Tukafuta. Yale ya mwanzo, ya ndani ya mchezo, yakabaki, hayo hayamgusi mtu.

La pili ndilo lililotukaba. Tuliandika tukauliza: kama Jirani anakata kidogo, kwa nini mteja wake asilipe kidogo? Tukajibiwa kwa adabu ile ile kwamba mteja wa Duka Kubwa asijione kaonewa. Tukauliza tena. Tukajibiwa na mashine. Na katika muda wote huo mauzo yalikauka. Mchoraji akarudi kuchora mabango ya saluni. Kimya akaanza kusema sentensi nzima nzima, ndipo tukajua hali ni mbaya.

Karatasi inaendelea: "Mpaka tunapokusomea risala hii, mchezo wetu ungali umefichwa." Na hapa ndipo nafuta! Nafuta mbele yenu, hii hapa kalamu, kwaru, kwaru! Umerudi! Hatukupandisha bei kwa Jirani, tuligoma, tukakaa, na wamekubali! Wamesikia! Mheshimiwa, pengine ni kwa sababu walisikia unakuja, mimi sijui, lakini...

Ndiyo, Kimya? Nakuona mkono. Sema, una ruhusa, hata mgeni rasmi anakutazama.

Anasema, "Angalia kwa Jirani."

Niangalie nini kwa Jirani? Haya, washeni projekta, tuangalie wote, hatuna siri. Hili hapa ukutani ni duka la Jirani, linafunguka taratibu kama kawaida yake. Ile pale *Karibu Mteja*. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Na bei...

Bei ni ile ile ya Duka Kubwa.

Mtusamehe kidogo, Mheshimiwa. Hili haliko kwenye karatasi.

Jirani, toka nyuma ya nguzo. Nani amepandisha hii bei? Sisi hatukugusa. Kimya? Hakugusa. Mchoraji? Ameapa.

Anasema, na ninarudia kwenye kipaza sauti maana amesimama mbali, anasema ni yeye. Asubuhi ya leo, kabla kinyozi hajafungua. Anasema: "Mlikuwa mnakonda. Kwangu mnauza kwa mtaa, kule mnauza kwa dunia. Nikaona bora nipandishe bei niwaandikie Duka Kubwa kwamba sasa tuko sawa. Wakawarudisha. Nilitaka mfurahi mbele ya mgeni."

Unajua, Jirani, tumefurahi. Nimepiga ukelele mbele ya Mkurugenzi.

Anaendelea. Anasema: "Nimefanya alivyofanya Shangazi. Mteja amekuja kwangu, nimemwambia vuka ng'ambo."

Shangazi, tafadhali kaa, zamu yako... Haya, Shangazi ameshasimama. Shangazi akisimama amesimama. Sema, tunasikiliza, usitukane.

Anasema: "Mimi namtuma mteja ng'ambo nikiishiwa ndoo. Wewe umeishiwa nini?"

Jirani anarudi nyuma ya nguzo.

Shangazi anasema tena: "Ndoo zako zimejaa mpaka dari. Mimi na yule mwenye kelele tunagombania bei ya beseni tangu huyu mtoto anayesoma hapa ananyonya. Siku akinijia na kusema tuweke bei moja tupumzike, nitajua anaumwa, nitampeleka hospitali."

Ahsante, Shangazi. Mnacheka, na mimi nacheka, lakini ngoja.

Mheshimiwa, naomba niiweke karatasi chini kidogo. Chuoni nilifundishwa ushindani unavyokufa. Nilijibu mtihani nikapata alama nzuri. Nilidhani unakufa kwa kelele: mtu mkubwa anavunja kibanda cha mdogo, mdogo analia, watu wanajaa. Sasa tazama huu ukuta. Duka Kubwa halijamgusa Jirani, pengine hata barua yake imesomwa na mashine tu. Jirani amefanya hisani. Sisi hatujafanya lolote, tumekaa tu tunapaka ukuta rangi. Kila mtu amekuwa na adabu. Na mteja wetu wa mtaani, yule asiye na kadi ya benki, leo analipa zaidi kuliko jana, kwa ndoo ile ile. Bei imepanda na hakuna aliyeipandisha kwa ubaya. Mtu angekuja ofisini kwako kulalamika angemtaja nani?

Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nashangilia.

Ninasikia nailoni. Nani anasimama? Kimya amesimama. Mheshimiwa, hili ni jambo la nadra. Sema, Kimya.

Anasema, "Shusha."

Umeelewa unachosema? Tukishusha kwa Jirani, kule tunafichwa tena. Labda usiku huu huu, mashine haina kulala. Umerudi rafuni leo hii, hata hatujala keki.

Anasema, "Najua. Shusha."

Mchoraji naye amesimama. Mwenzetu wa muziki amesimama. Wale wawili wa dirishani wamesimama. Ndugu wageni, hayo makelele mnayoyasikia ni magodoro yanaachwa na watu wake, na kwa kikundi chetu hiyo ndiyo kura. Mwenye nyumba, mzee, wewe kaa, wewe si mwanachama... Anasema amesimama kwa sababu mguu umekufa ganzi. Sawa, tunauhesabu mguu.

Na mimi nilikuwa nimesimama tangu mwanzo. Kwa hiyo nainua mkono, nami nihesabiwe.

Jirani, tunakushukuru kwa moyo wako, na mbele ya mgeni rasmi tunakukatalia. Rudisha bei yetu ilipokuwa. Gombana na sisi, gombana na Duka Kubwa, tukane kama Mwenye Kelele, lakini usitusaidie kwa mfuko wa mteja.

Anauliza, "Sasa hivi?"

Sasa hivi. Toa simu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, narudi kwenye karatasi, ingawa karatasi yenyewe imeshapitwa.

Ombi la kwanza tuliloandika jana lilisema: "Tunaomba ofisi yako itusaidie mchezo wetu urudi rafuni." Hili nalifuta pia. Ulisharudi, na tumeona ulivyorudi. Tukikuomba hilo ungetusaidia sisi peke yetu, na kesho kutwa kuna vijana wengine kwenye foleni ya kompyuta wanachora wahadhiri.

Badala yake, kikundi kimesimama hapa na kinakuomba hivi. Uulize. Ofisi yako ina haki ya kuuliza na kujibiwa na mtu, sio na mashine. Uliulize Duka Kubwa: mlango wako tumeuheshimu, tumefuta maneno ya Shangazi, lakini bei ya kibanda cha jirani inakuhusu nini? Pengine lina jibu zuri. Tutalisikiliza, maana tumekula chumvi yake na hatujasahau ladha. Hatukuombi utoe hukumu ukiwa umekalia kiti cha kuazima. Tunajua kazi yako ni kusikiliza pande zote, na upande mmoja leo umeusikia ukipiga kelele. Ila ukiuliza, waulize na maduka madogo kama la Jirani. Na lile la bure pia. Mdogo wa leo akikua naye ana miguu ya kunyoosha; soda tumeshaiona.

Tuliandika pia tunaomba viti. Mwenye nyumba amenitazama vibaya, kwa hiyo magodoro yanatosha, ahsante.

Ombi la mwisho ni dogo. Tunaomba ununue mchezo wetu. Kwa duka lolote upendalo, wewe ndiye mteja. Ila kabla hujanunua, linganisha bei. Kama zinafanana kila mahali, usifurahi haraka kama nilivyofurahi mimi. Jiulize ni nani aliyeishiwa ndoo.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya, na masikio marefu, na kalamu isiyokauka. Awabariki wateja wetu, wa karibu na wa mbali. Ambariki Shangazi, na Mwenye Kelele aliyebaki sokoni kulinda vibanda vyote viwili ili mwenzake aje hapa. Ndiyo, nyie mlidhani nani amebaki na ndoo?

Ni sisi, Ghorofa ya Magodoro, juu ya duka, mlango wa kijani, usishike.

Tungependa kukumalizia habari hii, Mheshimiwa, lakini bado inatokea. Kesho ukifika ofisini, kabla ya chai, andika *Karibu Mteja* pale Duka Kubwa, uone kama tupo. Na sisi tutakuwa tumekodoa macho. Tuwepo tusiwepo, tutakuja wote mapokezi kwako, na Shangazi mbele, tukueleze usiku huu ulivyokuwa. Yaliyobaki kesho, maana Jirani ameshabofya.